Taya lilikuwa likilia "ka!", sasa limenyamaza na mdomo haufunguki. Tuanzie wapi hapa Kigoma?

WifiWaMwanga

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaoyajua mambo ya taya.

Mgonjwa ni wifi yangu, miaka 27, fundi cherehani pale Mwanga. Kwa mwaka hivi taya lake la kulia lilikuwa likilia "ka!" kila akipiga mwayo au akitafuna, bila maumivu. Wiki saba zilizopita mlio ulikoma asubuhi moja, tukafikiri limepona lenyewe. Siku hiyohiyo mdomo ukaanza kugoma. Sasa vidole viwili vinaingia kwa shida, na akifungua, kidevu kinakwenda kulia. Nimepima kwa rula nikapata milimita 27 kati ya ncha za meno ya mbele ya juu na ya chini. Maumivu yako mbele ya sikio la kulia na yanapanda hadi panjani. Asubuhi anaamka shavu limechoka kama mtu aliyetafuna usiku kucha.

Amekunywa amoksilini mara mbili na metronidazo mara moja. Gego moja la chini limeng'olewa na maumivu yakabaki palepale. Sasa ameshauriwa kung'oa la pili, ingawa eksirei yake haionyeshi tundu wala usaha.

Je, hili kweli ni jino? Tumpeleke Mwanza moja kwa moja, au kuna la kufanya hapahapa kwanza? Na jirani mmoja anasema atafune jojo ili taya lilegee, mwingine kaleta mwiko mdogo wa kumpanulia. Tumsikilize yupi?

---

GegoLaMwisho (daktari wa kinywa na meno, Kigoma)

Dada, gego la pili lisiguswe mpaka mtu awe amekishika kiungo cha taya chenyewe kwa vidole vyake. Jino bovu hulalamikia baridi, joto, kitu kitamu, au likigongwa kwa mpini wa kijiko. Wifi yako anaumia mbele ya sikio na panjani, mdomo umepungua kufunguka, na kidevu kinapinda. Jino halipindishi kidevu namna hiyo. Gego la mwisho lililoota vibaya linaweza kubana mdomo, lakini hapo ungeona fizi imevimba kule nyuma, na harufu, na tezi chini ya taya.

Sasa huo mlio. Weka ncha za vidole vyako mbele ya kinundu cha sikio, ufungue mdomo polepole. Utahisi kitu kikizunguka, halafu kikiteleza kwenda mbele. Hicho ni kichwa cha taya la chini. Kati yake na shimo la fuvu kinamokaa pana kisahani cha gegedu, kinachotakiwa kusafiri pamoja nacho. Milimita 20 hadi 25 za mwanzo ni kazi ya bawaba tu: kichwa kinazunguka palepale kilipo. Kuanzia hapo lazima kiteleze mbele na kisahani chake ndipo mtu afike milimita 40 na kuendelea, yaani vidole vyake mwenyewe vitatu vikiwa wima mdomoni.

Kwa mwaka mzima kisahani cha wifi yako kilikuwa kimechomoka na kutangulia mbele. Kila akifungua mdomo, kichwa kinakirukia mgongoni, ka!, wanaendelea na safari. Akifunga, kinachomoka tena. Ile asubuhi kichwa kilishindwa kukirukia, sasa kinafika nyuma ya kisahani na kugota. Ndiyo maana umepata 27: bawaba inafanya kazi, ila kuteleza ndiko kumezuiwa. Na kidevu kinakwenda kulia kwa sababu upande wa kushoto bado unateleza kama kawaida, unausukuma ule usiosogea. Kwa hiyo ukimya ule haukuwa kupona. Ajabu ni kwamba ule mlio wenyewe, usipokuwa na maumivu wala kukwama, hautibiwi kabisa. Watu wengi wanazeeka nao.

Hayo nayasema kwa maelezo yako tu, kwa hiyo yahakikishe kwa mkono. Kwanza rudia kupima, ila safari hii jumlisha na kimo ambacho meno ya juu yanayafunika ya chini. Mwambie aume, weka ukucha kwenye jino la chini pale ncha ya jino la juu inapoishia, afungue, upime kutoka ukucha hadi ncha ya jino la chini. Kisha, akiwa amefungua mpaka mwisho wake, weka kidole gumba kwenye meno ya juu na cha shahada kwenye ya chini, vikipishana kama mkasi, uongeze taratibu. Likikubali kuongezeka milimita kadhaa huku shavu likivuta, msuli ndio uliobana. Likigota kama mlango wenye komeo, ni kisahani. Ukijumlisha vyote, hata kwa kusaidiwa hivyo, ikabaki chini ya 40, kweli mdomo umefunga.

Halafu kubonyeza. Chukua mizani ya jikoni, ibonyeze kwa ncha ya kidole mpaka isome kilo 1, rudia hadi mkono uzoee nguvu hiyo. Bonyeza hivyo msuli wa shavu kuanzia chini ya mfupa wa shavu mpaka pembe ya taya, kisha panja, sekunde 2 kila mahali. Kwenye kiungo chenyewe nusu kilo inatosha. Usimwulize "inauma?", maana ukimbonyeza mtu yeyote vya kutosha atasema inauma. Mwulize, "ndiyo yale maumivu yako?" Jibu hilo ndilo lenye maana. Wengi wanaokuja wakisema kiungo kinauma, ukibonyeza unakuta robo tatu ya maumivu iko kwenye msuli wa shavu, na hiyo ni habari njema kwa sababu msuli unasikia matibabu haraka kuliko kisahani.

Mwanza haikimbii. Ila kuna dalili ambazo zikiwepo hupaswi kuendelea kusoma uzi huu, unakwenda hospitali leo: homa na uvimbe chini ya taya, mate yanayomwagika kwa kushindwa kumeza, mdomo uliokwama ukiwa wazi, meno yasiyokutana kama zamani baada ya kuanguka na bodaboda au kupigwa kidevuni (pigo la kidevu huvunja shingo ya taya karibu na sikio, mbali na lilikotua), mdomo wa chini kufa ganzi, au taya linalokaza siku chache baada ya kidonda, hasa kama shingo na mgongo navyo vinakakamaa. Hilo la mwisho ni pepopunda, na pepopunda inaua. Kwa mtu aliyevuka miaka 50, panja linalouma ghafla, taya linalochoka akitafuna na macho kufifia ni ugonjwa wa mishipa ya damu unaoweza kupofusha. Taya linalouma akipanda mlima na kutulia akipumzika ni suala la moyo. Na kwa wanaoweka ugoro mdomoni, mdomo unaopungua kufunguka mwezi hadi mwezi ukaguliwe kwa tochi kila kona, kwani saratani ya kinywa huanza bila maumivu.

---

NyooshaTaratibu (fiziotherapia, Tabora)

Daktari kamaliza ramani. Mimi niingie kwenye kazi ya mikono.

Jojo hapana. Ni kumkimbiza mtu aliyeteguka kifundo cha mguu ili mguu ulegee. Mwiko ndio kabisa hapana. Nyuma ya kisahani kuna nyama laini yenye mishipa mingi ya fahamu na ya damu; kwa sasa kichwa cha taya kinakanyaga hapo. Ukipanua kwa nguvu unaisaga, inavimba, misuli inajikaza kuilinda, na kesho yake unapima 22 badala ya 27. Bado hujahesabu meno ya mbele yatakayovunjika.

Lakini kosa la upande wa pili nalo ni baya vilevile: kumfunga kitambaa kidevuni, asiongee, asifungue mdomo wiki mbili. Kiungo kisichosogezwa hukakamaa. Tunachotafuta ni mwendo mdogo, mara nyingi, bila kulazimisha.

Kabla ya zoezi lolote afundishwe mkao wa taya: midomo ikutane, meno yaachane, ulimi ulale kaakaani nyuma ya meno ya mbele ya juu, pale ncha inapogusa ukitamka "n". Apumue kwa pua. Watu hawaamini, lakini kwa siku nzima meno hayana haja ya kugusana ila wakati wa kutafuna na kumeza. Anayeuma meno akiwa amekazia macho kazi, hata kwa nguvu kidogo tu, anaufanyisha msuli kibarua cha saa nane bila ujira.

Joto: dakika 15, mara tatu au nne kwa siku, shavuni na panjani. Taulo la maji ya moto hupoa upesi. Kwenu chumvi ya Uvinza iko tele, itumieni: robo kilo ikiwa kavu, ipashwe kwenye kikaango bila mafuta, imwagwe kwenye soksi safi ya pamba, ifungwe, izungushiwe kitambaa. Ijaribu ndani ya mkono wako, karibu na kiwiko, kwa sekunde kumi. Usipoweza kuivumilia wewe, yeye itamwunguza, kwa sababu ngozi ya shavu ni nyembamba na mgonjwa akisikia raha huwa anasinzia nayo. Siku akiamka na maumivu makali mapya, abadilishe: barafu kwenye kitambaa, dakika 10.

Akishapasha moto, akae mbele ya kioo. Ulimi ukiwa kaakaani, afungue mdomo bila ulimi kuachia, mara 6. Ulimi ndio kizuizi chake. Hautamruhusu kwenda mbali. Macho yake yafuate kidevu kwenye kioo, kishuke wima, na kikianza kupinda asimame hapo arudi. Kisha asogeze taya kushoto na kulia, meno yakiwa yameachana kidogo, mara 6. Kwenda kushoto kutakuwa kugumu kwake, kwa sababu ndipo kichwa cha kulia kinapotakiwa kuteleza. Huko ndiko aweke subira. Mwisho ule mkasi wa vidole aliousema daktari: anyooshe mpaka aanze kusikia mvuto, ashikilie sekunde 10 hadi 30, aachie, mara 6. Kipimo cha maumivu kikiwa sifuri hadi kumi, asivuke tatu, na kitulie ndani ya dakika chache. Kikiendelea mpaka usiku, kesho apunguze nusu.

Mzunguko huo mara sita kwa siku. Mara moja ndefu ya jioni haina faida hiyo. Mpime kila Ijumaa saa ileile mkaandike. Ikiongezeka milimita moja au mbili kwa wiki si haba. Mkipima kila siku mtakata tamaa bure, kwa sababu asubuhi na jioni hazilingani.

Mwayo: ngumi chini ya kidevu, ulimi juu, auache upite ukiwa mdogo. Kulala: chali au ubavu, asilale kifudifudi wala asiweke kiganja chini ya taya. Na mkipanda treni kuja huku Tabora kuunganisha ya Mwanza, asilale kajiegemeza taya kwenye dirisha. Usiku mmoja wa kutikiswa vile unafuta kazi ya wiki nzima.

Chakula kwa wiki mbili hadi nne: ugali wa muhogo na mlenda, mgebuka wa kuchemsha, maharage yaliyoiva mpaka yanapondeka, ndizi, parachichi. Dagaa wakavu waloweshwe na kuchemshwa, wasikaangwe mpaka wawe kama misumari. Aache muwa, mahindi ya kuchoma, karanga, nyama choma, na kuvunja kokwa za mise (chikichi) kwa meno. Embe alile kwa kijiko. Kulirarua kwa meno ya mbele na kulinyonya kokwa kunalisukuma taya mbele kwa nguvu, na hilo tunaliona sana huku Tabora msimu ukifika. Tonge liwe dogo, atafune pande zote mbili.

---

DawaMuhimu_Isevya (famasia)

Niongezee upande wa dawa, maana kwenye maduka huku ndiko mambo yanakoharibika.

Amoksilini na metronidazo zinaua bakteria. Kwenye kisahani kilichochomoka na msuli uliochoka hakuna bakteria. Wala si kwamba dozi ilikuwa ndogo, kwa hiyo asiongezewe ya tatu.

Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha isiyotulia wala pumu inayochochewa na dawa hizi anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, siku 7 hadi 10 mfululizo. Ameze kwa saa, asisubiri maumivu yazidi, kwa sababu kazi yake hapa ni kushusha uvimbe. Parasetamoli miligramu 1,000, yaani vidonge 2 vya 500, kila baada ya saa 6 hadi 8. Visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kwenda pamoja. Ibuprofeni na diklofenaki kamwe zisiende pamoja, ni ndugu wa tumbo moja: ukizichanganya huongezi nafuu, unaongeza kidonda. Mjihadhari na zile pakti zisizo na jina zenye vidonge vitatu vya rangi tofauti, mara nyingi ndugu hao wawili wamo humo, na steroidi ya prednisoloni juu yake.

Diklofenaki ya kupaka: kiasi cha punje ya harage mbele ya sikio na shavuni mara 3 kwa siku, mbali na jicho, na usiweke soksi ya chumvi juu yake.

Swali kwako dada: ana mimba? Halafu, kuna dawa ya kutapika au ya akili aliyoanza karibuni? Metoklopramidi huweza kulikaza taya na shingo ndani ya saa au siku chache, hasa kwa vijana, na tiba yake ni nyingine kabisa.

---

MzeeWaKatonga

Mimi naona mnazunguka. Gego limeng'olewa, upande mmoja umebaki bila mhimili, lazima taya liyumbe. Awekwe jino la bandia, kiungo kitakaa sawa. Hiyo ndiyo dawa.

---

GegoLaMwisho

Mzee wangu shikamoo. Wazo hilo lina historia. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo huko Marekani, aliandika kwamba magego yakipungua taya hupanda, kiungo hubanwa, na ndipo yanapotoka maumivu ya sikio na kichwa. Kwa miaka mingi meno ya watu yalichongwa na kupandishwa kwa imani hiyo. Baadaye ilionekana kuna wengi wenye mapengo ambao taya haliwaumi, na wengi wenye meno 32 yaliyopangika ambao linawauma. Tena kwa huyu taya lilikuwa limekwisha kufunga, gego likang'olewa baadaye. Pengo litajazwa ili atafune vizuri, hilo sikatai, lakini si kwa ajili ya kiungo, na si sasa: ukichukua kipimo cha meno huku taya limepinda, jino la bandia litakaa kwenye upotovu uleule. Vivyo hivyo kuchonga meno mazima "ili yakutane". Jino lililochongwa halioti tena.

---

WifiWaMwanga

Asanteni sana. Tumefanya leo. Kwa rula pamoja na kule kufunikwa: milimita 30. Nilipoongeza kwa vidole ikafika 31, ikagota. Kubonyeza: msuli wa shavu la kulia akaruka, akasema "ndiyo hayohayo". Panja pia. Mbele ya sikio kidogo. Kushoto hakuna kitu.

Ana mimba ya miezi mitano, nilisahau kuandika. Hana dawa ya kutapika tangu mwezi wa tatu. Na mume wake anasema usiku anasaga meno mpaka anamwamsha.

Kiganja cha daktari kinaweza kulirudisha hilo taya? Na kuna kifaa cha kuvaa usiku nimekisikia, cha kununua mtandaoni unakichemsha na kukiuma.

---

DawaMuhimu_Isevya

Basi futa karibu yote niliyoandika. Ibuprofeni na diklofenaki asimeze. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kuzibana figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na miezi ya mwisho hubana mshipa mkubwa wa karibu na moyo wake. Ya kupaka nayo aiache mpaka daktari wa kliniki aseme. Abaki na parasetamoli, kwa kiasi nilichotaja na kwa siku chache anapoihitaji. Joto la shavuni halimdhuru mtoto. Amitriptilini, ambayo hutolewa kwa dozi ndogo za usiku kwa maumivu ya muda mrefu ya taya, asipewe bila daktari anayejua kuwa ni mjamzito. Na kila anapokwenda, aanze kwa kutamka neno mimba kabla hajasema taya.

---

GegoLaMwisho

Milimita 30, ikaongezeka moja tu na kugota: kisahani kimefunga, na juu yake msuli umechoka kwa kusaga. Yote mawili yapo, na ule wa msuli ndio unaomwumiza zaidi.

Kulirudisha kwa mkono kunawezekana. Daktari huweka gumba juu ya magego ya chini ya upande ulioziba, akalisukuma taya chini kisha kulivuta mbele, ili kichwa kishuke na kukipanda kisahani. Usilichanganye na lile la mdomo uliokwama wazi, ambalo husukumwa chini kisha nyuma. Ukikosea mwelekeo unaumiza. Ila hufanikiwa zaidi likiwa limefunga kwa siku chache tu. Kwa wiki saba matumaini yapo lakini ni madogo, na lisiporudi si msiba. Kwa mazoezi yale, nyama ya nyuma ya kisahani huzoea uzito, hunyooka na kukaza, na wengi hurudi kufungua vizuri ndani ya miezi kadhaa kisahani kikiwa kulekule mbele. Wanaobaki wamebanwa huoshwa kiungo kwa sindano mbili: moja huingiza maji ya dripu, nyingine hutoa. Hilo lisubiri mpaka ajifungue.

Eksirei ya kiungo kwa sasa haina haraka. Ingeonyesha mfupa, kisahani hakionekani humo, na hajaanguka wala kupigwa.

Kifaa cha usiku: hicho cha kuchemsha asinunue. Ni laini, na kuna wasagao ambao wakipewa kitu laini hukitafuna zaidi. Vile vidogo vinavyofunika meno ya mbele tu ni vibaya kuliko hicho. Vikivaliwa muda mrefu magego huota kwenda juu na meno hayakutani tena. Kinachofaa ni cha akriliki (plastiki) ngumu kinachofunika meno yote ya safu moja, kilichotengenezwa kwa kipimo chake. Tatizo ni kwamba trei ya kuchukulia kipimo haiingii vizuri kwenye mdomo wa 30. Mfanyeni mazoezi mpaka karibu 35, ndipo muulize kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya Maweni hapo Kigoma kama wanacho au watamwandikia barua ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Msisafiri bila barua hiyo mkononi. Akikipata arudi ndani ya wiki mbili kikarekebishwe, kila jino la safu ya pili likiguse kwa uzito sawa. Akikivaa usiku, asubuhi akaamka anaumia zaidi, kina mahali kimepanda, asivumilie. Kioshwe kwa maji baridi; ya moto yanakipinda.

Kifaa hakimkomeshi mtu kusaga. Kinagawa mzigo na kuyalinda meno. Usagaji wa usiku huzidishwa na usingizi wa mang'amung'amu, kahawa au chai ya rangi ya saa za usiku, na mawazo. Aache chai kali kuanzia alasiri.

---

NyooshaTaratibu

Mjamzito asifanye zoezi akiwa chali muda mrefu. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini. Alale ubavu wa kushoto, mto uwe mnene kujaza nafasi ya bega, ili kichwa kisining'inie na taya lisisukumwe. Bahati nzuri kwake, la kulia linabaki juu.

Na kwenye cherehani, mwangalie akiwa hajui. Mafundi wengi hushika pini kwa meno, hukata uzi kwa meno, na huuma meno wakipita kwenye kona ya kola. Wanaoshona nyavu hapo Kibirizi wana tabia hiyohiyo kwa uzi wa nailoni, ambao ni mgumu zaidi. Mnunulie mkasi mdogo aufunge kwa kamba shingoni na mto wa pini wa kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Kisha bandika kipande cha kitambaa chekundu pale anapobadilishia bobini: kila akikiona, meno yaachane, ulimi juu, mabega yashuke. Bobini huisha mara nyingi kwa siku, hatahitaji saa ya kumkumbusha.

---

WifiWaMwanga

Mkasi anao, ila uko kwenye droo na pini ziko mdomoni. Nimemwona leo. Ijumaa nitaleta kipimo.